Uso wa mtoto si mahali pa kujaribia pomadi



Juma hili tunasema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: vipele vinavyotoka usoni mwa watoto wetu wanapofika miaka ya ujana. Huko pwani wanaviita chunusi, waganga wanasema akine, na watoto wetu wa sekondari wanatumia jina la Kifaransa walilolisikia masomoni. Jina lolote lile, shida ni ile ile. Na kama ingekuwa vipele tu, tungeacha ukurasa huu kwa mambo mengine. Vipele vyenyewe haviui mtu. Kinachotutia hofu ni vitu vinavyopakwa juu yake, na sehemu kubwa ya vitu hivyo inatoka chumbani mwetu sisi wenyewe.

Katika nyumba nyingi za Bukavu mazungumzo yanakwenda hivi, asubuhi, wakati bugali ya jana inapashwa moto:

"Mama, leo sitaenda masomo."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Angalia uso wangu."

"Ni hayo tu? Nenda ukaoge, acha uvivu."

Mtoto anaoga, anakwenda masomo akiinamisha kichwa, na jioni anaanza kutafuta dawa peke yake. Anaambiwa na rafiki ajaribu dawa ya meno. Mwingine anamwambia ndimu. Yaya yake anamwambia afungue gelule ya ampisilini apake poda yake. Na ikiwa hakuna kilichosaidia, anaona ile tube ya mama juu ya kabati, ambayo mama anaipaka "ili ngozi iwe safi". Kwa nini isimsaidie na yeye?

Kwanza tuondoe maneno yasiyo na msingi, maana yanawaumiza watoto kuliko vipele. Wengine wanasema ni damu chafu. Wengine wanasema msichana ameanza kuwaza wanaume, au kinyume chake, kwamba vitaisha akiolewa. Bibi mmoja wa mtaa atasema kuna mtu amemtazama mtoto vibaya. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyo kweli. Zaidi ya vijana 8 kwa 10 wanapata vipele hivi kwa kiasi fulani, duniani kote, weusi na weupe, wenye kusali na wasiosali. Msichana anaweza kuanza akiwa na miaka 10 au 11, mvulana mara nyingi anachelewa kidogo, kisha vyake vinakuwa vikali zaidi. Kwa wengi vinapungua wanapokaribia miaka 20 na kitu.

Vinatoka namna gani? Ngozi ya uso, kifua na mgongo imejaa vitundu vidogo sana. Katika kila kitundu kuna unywele, hata kama hauonekani, na kando yake kifuko kinachotengeneza mafuta. Mafuta hayo ni mema, yanalinda ngozi. Ujana ukifika, homoni zinaviamsha vifuko hivyo, kwa wasichana na kwa wavulana pia. Mafuta yanakuwa mengi, ngozi iliyokufa inagandamana nayo, mlango wa kitundu unaziba. Ndani yake vijidudu vinavyokaa juu ya kila ngozi vinapata chakula na kuzaana. Mwili unavipiga vita, na hapo ndipo uwekundu, uvimbe, maumivu na usaha vinapoonekana.

Angalieni vile vidoti vyeusi vya puani. Watu wote wanadhani ni uchafu. Si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyokutana na hewa vikawa vyeusi. Kwa hiyo mtoto anayejisugua na sabuni ya kufulia na jiwe mara tano kwa siku hasafishi kitu. Anachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka inavimba zaidi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi watu weusi kwa namna ya pekee. Kipele kikipona kwenye ngozi yetu kinaacha doa jeusi. Doa hilo si kovu. Ni rangi iliyozidi mahali palipokuwa na uvimbe, nayo inaweza kukaa miezi mingi kabla ya kufifia yenyewe. Ukiminya kipele kwa kucha, doa linakuwa kubwa na linakaa zaidi, tena unaweza kuacha shimo ambalo halitajazwa tena. Watoto wengi hawalii juu ya vipele, wanalia juu ya madoa. Na ni madoa hayo yanayowafanya watafute kitu cha kung'arisha uso.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Ukipita soko la Kadutu au kwenye vibanda vya Nyawera, utaona tube ndogo zimepangwa pamoja na sabuni na mafuta ya nywele. Nyingi zina dawa ya jamii ya kotizoni, na zilizo kali zaidi ni klobetazoli na betametazoni. Hizo ni dawa za kweli. Munganga anaziandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Si sabuni wala mafuta ya kupaka kila asubuhi.

Ujanja wake ni huu: siku za kwanza zinafurahisha. Uvimbe unatulia, uwekundu unapotea, uso unang'aa, mtoto anacheka tena. Anaendelea. Baada ya majuma kadhaa ngozi inaanza kuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, nywele zinaota mashavuni kwa msichana, na vipele vinarudi kwa wingi, vyote vya umri mmoja, vidogo, vyekundu, kama upele wa joto. Anaogopa, anaacha. Akiacha tu, uso unawaka moto, unavimba kuliko mwanzo. Basi anarudia pomadi ili upoe, na unapoa kweli. Sasa amefungwa. Si ukosefu wa akili. Hata mtu mzima anafungwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo wamama, tusome maandishi ya nyuma ya tube, hata kama ni madogo. Ukiona neno clobétasol, bétaméthasone, au neno lingine linalomalizikia kwa -sone, hiyo isiguse uso wa mtoto mwenye vipele bila karatasi ya munganga. Ukiona hydroquinone, hicho ni kitu cha kuondoa rangi ya ngozi. Ulaya ilikikataza katika vipodozi vya kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Mwaka 1975 waganga wa Afrika Kusini walikuwa wameshaandika juu ya wanawake walioipaka muda mrefu, nao badala ya kung'aa walipata weusi wa kibuluu mashavuni usiotoka tena. Mtu alitafuta weupe, akapata weusi ambao hakuzaliwa nao.

Tena kuna sabuni na krimu zenye zebaki, ambayo kwenye maandishi inaweza kuitwa mercure au calomel. Zebaki inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anampa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi huko Japani mwaka 2013, ulipanga kwamba baada ya mwaka 2020 vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo visitengenezwe wala kupitishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Vinapitishwa tu. Jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, walituma polisi madukani kuondoa pomadi za kujichubua. Mtu anaweza kujiuliza vile vitu vilivyokimbizwa upande ule wa Ruzizi vilikwenda wapi. Na ikiwa tube haina maandishi yoyote, au krimu imechanganywa na muuzaji na kutiwa katika kichupa kitupu, hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote.

Tunajua neno hili ni gumu kati yetu. Wengine wetu tunajichubua. Hatukuandika ukurasa huu ili kuhukumu ngozi ya mtu mzima. Lakini mtoto hajifunzi kwa masikio tu. Akiona kila asubuhi mama anapigana na rangi yake mwenyewe, huwezi kumwambia kwamba doa lake si kitu. Na hata kama huna nia ya kuacha leo, basi tube hiyo itoke juu ya kabati, iwekwe mahali ambapo msichana wa miaka 14 hafiki.

Kama mtoto ameshaipaka kwa miezi, usimgombeze na usiitupe ile tube kabla munganga hajaisoma. Mpeleke nayo kituo cha afya. Ikiwa ilikuwa kali na imepakwa kwa muda mrefu, munganga anaweza kuona afadhali kuipunguza pole pole. Uso utakuwa mbaya kwa majuma kadhaa kabla ya kupona, na mtoto aambiwe hivyo mapema ili asikate tamaa siku ya tatu.

Jambo lingine liko mikononi mwetu, na hili ni rahisi. Siku ya posho tunakaa na binti zetu katikati ya magoti, tunawasuka, na tunawapaka pomadi ya nywele hadi kwenye paji la uso. Mwaka 1970 waganga wa ngozi wa Marekani walieleza vipele vya namna hii hii kwa watu weusi waliopaka pomadi nzito kwenye nywele: vidoti vingi vidogo kwenye paji la uso na karibu na masikio, pale pale mafuta yanapoteremkia. Ikiwa vipele vya mtoto wako viko zaidi kwenye paji la uso, anza hapo kabla ya kutafuta dawa. Paka mafuta kwenye ngozi ya kichwa kati ya mistari tu, futa paji la uso baada ya kusuka, na kitambaa cha kulalia kioshwe kila juma. Vazelini, mafuta ya nazi na mafuta mengine mazito yabaki miguuni na mikononi, ambako ngozi inakauka kweli. Uso wenye vipele tayari una mafuta yake.

Sasa, nini cha kufanya? Tuseme kwanza kile kisicho na gharama, maana tunajua mfuko unavyosema mwezi huu. Kuosha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kila mara baada ya kutoka jasho jingi. Maji ya uvuguvugu au ya baridi, sabuni laini ya kuogea isiyo na marashi makali, kwa vidole, si kwa jiwe wala kwa kitambaa kigumu. Pale ambapo maji yanatoka mara mbili kwa juma, kikombe kimoja kinatosha uso. Kila mtu na kitambaa chake. Hakuna kuminya. Hakuna ndimu: maji yake yanaunguza, na jua likipiga juu yake unaongeza madoa. Dawa ya meno inaunguza pia. Jua lenyewe linafanya madoa yakae, kwa hiyo kofia au mwavuli njiani si majivuno. Kwa watoto wenye vipele vichache, hayo pamoja na kuacha pomadi mbaya yanatosha mara nyingi.

Ikiwa havipungui, dawa ya kwanza ya kuuliza farmasi ni ile inayoandikwa peroxyde de benzoyle. Chagua yenye 2.5 au 5 kwa mia. Ile ya 10 inachoma zaidi na haiponyi zaidi sana. Mtoto anaosha uso, anakausha, anapaka kidogo sana, sehemu yote inayotoa vipele, si juu ya kipele kimoja kimoja, maana kazi yake ni kuzuia vile ambavyo havijatoka. Majuma mawili ya kwanza, jioni moja ndiyo, jioni moja hapana. Ngozi itakauka na kubanduka kidogo. Hiyo ni kawaida. Ikivimba au ikawasha sana, aache na kuuliza. Angalizo la mama wa nyumbani: dawa hii inaondoa rangi ya nguo. Usimwachie mtoto alale juu ya foronya yako nzuri au ajifute na kikwembe cha mwaka mpya.

Dawa nyingine nzuri ni adapaleni, ya kupaka usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Hiyo haifai kwa mwenye mimba.

Na hapa wengi wanashindwa: dawa hizi hazifanyi kazi kwa juma moja. Zinaomba majuma 6 hadi 8 kabla ya kuona tofauti ya kweli, wakati mwingine 12. Pomadi ya kotizoni inang'arisha kwa siku tatu, na kwa hiyo inashinda sokoni.

Juu ya vidonge. Ampisilini haitibu vipele hivi, iwe imemezwa au imemwagwa usoni. Munganga anaweza kutoa doksisiklini kwa mwenye vipele vikali, pamoja na dawa ya kupaka, kwa muda wa miezi karibu 3, na haitolewi kwa mwenye mimba. Kuimeza ovyo na kuiacha ovyo kunavifundisha vijidudu kuizoea. Kuna pia dawa kali inayoitwa isotretinoini kwa vipele vinavyoacha makovu mazito. Inaponya kweli, lakini inaharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Msichana haipewi bila munganga, bila kipimo cha mimba na bila njia ya kuzuia mimba. Asiinunue kwa rafiki hata kidogo.

Tena, chunguza vidonge vya kunenepesha. Wasichana wananunua ili wapate mashavu na makalio, na mara nyingi ndani yake kuna deksametazoni, ambayo ni kotizoni pia, lakini ya kumeza. Inaleta vipele vya kifua na mgongo, na vipele hivyo ndivyo vidogo katika madhara yake. Mtoto ambaye mwili wake wote umetoka vipele kwa ghafla, mwulize kwa upole anameza nini.

Chakula? Tunasikia karanga, mawese, mayai, pilipili. Mafuta unayokula hayapiti moja kwa moja kutoka tumboni hadi usoni, na hakuna sababu ya kumnyima mtoto sombe yenye mawese au karanga ambazo ni nguvu yake. Kinachoonekana kuongeza vipele kwa watu fulani ni sukari nyingi: soda, chai yenye vijiko vitano, mandazi na mkate mweupe kila siku. Maziwa mengi pia, kwa wengine. Sambaza, maharagwe na mboga havina kosa.

Wavulana tusiwasahau, kwa sababu wao hawasemi. Mvulana wa miaka 16 mwenye mgongo uliojaa vipele anavaa shati mbili wakati wa jua na anakataa kucheza mpira, na baba anadhani ni kiburi. Akianza kunyoa ndevu, anaweza kuongeza vipele vingine kidevuni na shingoni, vinavyotoka kwa sababu unywele uliokatwa karibu sana unajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hivyo si akine. Anyoe kwa kufuata upande unywele unakoota, asikate karibu sana na ngozi, na wembe wake uwe wake peke yake.

Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa kuna vinundu vikubwa vyenye maumivu ndani ya ngozi, ikiwa vinaacha mashimo, ikiwa mtoto ana homa, au ikiwa ni mtoto mdogo wa miaka 7 au 8 ambaye bado hajafika ujana. Msichana ambaye hapati siku zake kwa miezi na anaota nywele kidevuni, munganga aangalie homoni zake. Binti mkubwa aliyeona vipele vinaanza baada ya kupewa sindano au kijiti cha uzazi wa mpango aseme hivyo. Kuna njia nyingine. Na ikiwa mtoto amejifungia, hali vizuri, anasema afadhali asingezaliwa, hilo ni jambo la haraka hata kama vipele vyake ni vitatu tu. Watu wazima wanacheka. Yeye anajiona kila siku katika kipande cha kioo na katika macho ya wenzake.

Nyumbani, kaka na dada wakatazwe kumpa majina. Wageni wakija, usianze kueleza uso wake mbele yao. Siku mnapoanza dawa, andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani na mhesabu majuma manane. Msiangalie kioo kila saa. Siku hiyo ikifika, mwangalie pamoja mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi ule ule, vipele vipya ni vingapi. Madoa ya zamani yatakuwa bado yapo, msiyahesabu. Ikiwa vipya vimepungua, endeleeni na dawa ile ile. Ikiwa havikupungua, chukueni tube na mwende nayo kwa munganga.